Kahawa, Ziwa na Pengo la Kipato: Bukoba na Muleba katika Biashara ya Dunia



Mada niliyoichagua yaweza kuonekana kuwa mali ya wachumi kuliko ya wanafunzi wa taaluma za Kiswahili, kwani inahusu namna biashara ya kimataifa inavyopunguza au kupanua pengo la kipato baina ya mikoa ya nchi moja. Hata hivyo, naamini ina haki ya kujadiliwa katika ukumbi huu, na ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya biashara katika Afrika ya Mashariki ni sehemu ya historia ya Kiswahili: misafara iliyobeba shanga na nguo ndiyo iliyobeba pia maneno. Ya pili ni kwamba swali lenyewe huulizwa kwa Kiswahili kila siku, sokoni, bandarini na bungeni: ilikuwaje Kagera, mkoa uliokuwa ukisifika kwa neema, ukaja kuhesabiwa miongoni mwa mikoa yenye pato dogo?

Nitalijibu swali hilo kwa kufuata zao moja, kahawa, katika eneo moja, yaani Bukoba na Muleba. Hoja yangu ni kwamba biashara ya nje haina tabia moja. Iliinua Bukoba juu ya jirani zake, kisha kamba ileile iliyoipandisha ikaiteremsha. Lakini bei ya dunia peke yake haitoshi kueleza yote. Yatupasa kuangalia mambo manne: njia ya kufikia soko, umiliki wa ardhi, mgawanyo wa bei baina ya shamba na bandari, na matumizi ya faida pale ilipopatikana.

1. Amwani kabla ya stima

Kahawa haikuletwa Buhaya na Wazungu. Mibuni ya aina ya robusta ilikuwapo tangu zamani, nayo matunda yake yaliitwa amwani. Yalichumwa yakiwa mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa amwani. Watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu waligawana buni mbili za tunda moja. Katika maisha hayo kahawa ilikuwa alama ya heshima na undugu kabla ya kuwa bidhaa ya kupimwa kwa ratili. Upandaji wake haukuwa huria, kwa kuwa wakama, yaani wafalme wa Kihaya, na koo zao waliusimamia kwa karibu.

Hapa naomba nidokeze jambo la lugha. Mtu wa Unguja au Pemba akisikia neno linalokaribia “mwani”, atafikiria majani ya baharini. Sidai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Yamkini ni kufanana kwa sauti tu. Lakini bahati hii ina funzo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani wa baharini umekuwa zao la kuuzwa ng’ambo, na wakulima wake, wengi wao wanawake, wamejifunza lile ambalo Wahaya walikwisha kujifunza kwa amwani wao: bei hupangwa mbali sana na mikono inayovuna.

Biashara ya masafa marefu nayo ilitangulia ukoloni. Karagwe ilikuwa mashuhuri kwa chuma, na katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kupitia Tabora waliweka kituo Kafuro, njiani kuelekea Buganda. John Hanning Speke alipofika kwa Mkama Rumanyika mwaka 1861, aliikuta njia hiyo ikiwa imekwisha kuzoeleka. Simbi za Bahari ya Hindi zilikuwa fedha katika nchi za Ziwa, na jina lake, ensimbi, likawa katika lugha kadhaa za huko jina la fedha yenyewe. Tangu wakati huo, basi, thamani ya kitu katika kijiji cha Ziwa ilianza kutegemea wingi wa kitu kingine kilichookotwa ufukweni mwa bahari. Katika jiografia ya zama hizo Karagwe, iliyokuwa kwenye njia ya msafara, ilikuwa na nafasi nzuri kuliko falme za kando ya Ziwa.

2. Reli iliyojengwa kwingine

Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Lakini tukio lililobadili hatima ya mji huo lilitokea ng’ambo ya Ziwa, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali panapoitwa leo Kisumu. Ghafla Bukoba, iliyokuwa safari ya miezi mingi kwa miguu kutoka pwani, ikawa safari ya siku chache kwa stima na garimoshi. Ncha za ramani ya biashara ziligeuka: Karagwe ya misafara ikawa pembeni, na pwani ya Ziwa ikawa mlangoni.

Utawala wa Kijerumani, hasa chini ya mkuu wake wa Bukoba, Willibald von Stuemer, uliwahimiza watawala wa jadi kusimamia upandaji wa mibuni mingi. Kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha nayo ilisukuma kwa upande wake. Zao lililokuwa la heshima likawa zao la rupia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hapakuwa na haja ya kuwaondoa watu katika mashamba yao. Mbuni ulipandwa ndani ya kibanja, chini ya kivuli cha migomba, palepale palipotoka chakula cha nyumbani. Mhaya hakulazimika kuchagua baina ya kula na kuuza.

Tofauti hii ni kubwa tukilinganisha na maeneo mengine ya Tanganyika. Kigoma, kwa mfano, haikupata zao la namna hiyo. Wanaume wake walikwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakarudi na akiba ndogo, huku mashamba yao yakibaki na upungufu wa nguvukazi. Bukoba, kinyume chake, ilipokea vibarua. Watu kutoka Burundi, Rwanda na sehemu za Ngara walikuja kulima na kuchuma katika vibanja vya Wahaya. Biashara ileile ya dunia iliyouza mkonge na kahawa ilifanya mikoa mingine kuwa ghala la vibarua na mingine kuwa mwajiri. Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam na kuchapisha hapo mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza Afrika, alisisitiza kwamba maendeleo ya upande mmoja na udumavu wa upande mwingine huzaliwa pamoja. Kanuni hiyo, ambayo kwa kawaida huhusishwa na mabara, inafaa pia kupimwa baina ya wilaya na wilaya.

Hata baina ya mikoa ya kahawa pengo lilikuwapo. Kilimanjaro ilikuwa na arabika, ambayo kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko robusta. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Bukoba haikupata reli hadi leo. Reli ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928 iliufungulia mji huo njia ya kwenda Dar es Salaam, lakini bado ilibidi kuvuka Ziwa kwanza. Utajiri wa Bukoba ulielea juu ya maji, na kila gunia lilipakiwa na kupakuliwa mara kadhaa kabla ya kufika melini.

3. Pengo ndani ya kibanja

Tunapozungumzia pengo baina ya mikoa, tusisahau kwamba wastani wa mkoa huficha mengi. Kahawa ilipopata thamani, ardhi iliyoizaa ilipata thamani pia, na penye thamani hapakosi mwenye nguvu. Katika falme za Buhaya ulikuwapo utaratibu wa nyarubanja, ambao mkama alimpa ndugu au mtumishi wake eneo pamoja na watu waliokaa humo. Watu hao wakawa watwana, wakadaiwa malipo na kazi. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya ukoloni, lakini ulipanuka na kuwa mzito zaidi wakati wa kahawa, kwa sababu sasa mwenye nyarubanja aliweza kugeuza haki ya heshima kuwa fedha taslimu. Chini ya Wajerumani na Waingereza, machifu walioungwa mkono na serikali walikuwa na kila sababu ya kuongeza maeneo yao.

Wanawake nao walikuwa na pengo lao. Kwa desturi mbuni ulihesabiwa kuwa mali ya mume, ingawa kuchuma na kuanika kulihitaji mikono ya mke. Mwanamke alipata mahitaji yake kutoka rweya, yaani nyika iliyo nje ya vibanja, alikolima njugu mawe na mazao mengine ya msimu. Kwa hiyo bei ya kahawa iliweza kupanda mwaka mzima, na bado ndani ya nyumba moja mmoja akanunua baiskeli na mwingine asione tofauti.

Upinzani haukukosekana. Mwaka 1924 wasomi na wafanyabiashara wa Kihaya, miongoni mwao Klemens Kiiza, walianzisha Bukoba Bahaya Union. Kiiza alijitahidi kuwaunganisha wakulima waweze kukoboa na kuuza kahawa yao wenyewe, kwani ununuzi ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi. Mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia. Serikali ilidhani inafundisha kilimo bora. Wakulima waliona mkono unaoingia kibanjani, na waliokwisha kuionja nyarubanja walijua mkono wa namna hiyo huishia wapi.

Nyarubanja ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1965, baada ya uhuru. Hili ni funzo la kwanza la mhadhara huu: wenye ardhi na wasio nayo hawanufaiki sawa na bei nzuri ya nje, na soko lenyewe halisahihishi kasoro hiyo. Ilihitajika sheria.

4. Ushirika, mkataba wa dunia na mkono wa serikali

Mwaka 1950 kilianzishwa Bukoba Native Co-operative Union, chama kikuu cha ushirika kilichounganisha vyama vya msingi vya vijijini. Wakati haukuweza kuwa mzuri zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa duniani ilipanda hadi kufikia kilele mwaka 1954. Mabati yakachukua nafasi ya nyasi juu ya nyumba nyingi, na ushuru wa kahawa ukasaidia kujenga shule na zahanati. Kumbukumbu ya neema ambayo wazee wa Bukoba na Muleba huizungumzia ina msingi wake katika miaka hiyo na ile iliyofuata.

Neema hiyo ilikuwa na ngao. Mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao uligawa viwango vya mauzo kwa kila nchi ili bei isiporomoke. Mkataba huo haukuwa sadaka. Mataifa makubwa yaliogopa kwamba umaskini wa wakulima ungeleta misukosuko ya kisiasa. Hata hivyo ulimpa mkulima wa Kamachumu au wa Kiziba kitu adimu: uwezo wa kupanga mambo ya mwaka ujao.

Kwa bahati mbaya, wakati soko la nje lilikuwa na ngao, soko la ndani lilipoteza yake. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na katika miaka ya 1976 na 1977 bei ya dunia ilipaa. Katika mwaka huohuo wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi ukawekwa chini ya mamlaka ya zao. Kodi ya mauzo ya nje, gharama za mamlaka na thamani ya shilingi iliyopangwa juu mno vilikula sehemu kubwa ya bei kabla haijafika kijijini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima hakuwa na daftari la safari ya gunia lake. Alijua tu kwamba malipo ya kwanza yalikuwa madogo, na ya pili yalichelewa au hayakuja.

Si haki, hata hivyo, kulaumu sera bila kueleza nia yake. Mapato ya kahawa ya Kagera na Kilimanjaro yaliliwezesha taifa changa kununua dawa, mafuta na vitabu kwa ajili ya mikoa isiyokuwa na zao la kuuza. Kwa maneno mengine, kodi ya kahawa ilikuwa pia chombo cha kupunguza pengo baina ya mikoa. Shule na zahanati zilifika kwenye maeneo ambayo ukoloni uliyaacha. Tatizo ni kwamba ng’ombe aliyekamuliwa kwa ajili ya wote hakupewa majani. Mibuni ilizeeka, miche mipya haikuja kwa kiasi cha kutosha, na barabara zilibaki za vumbi na tope. Pengo lilipungua kwa kiasi fulani kwa kumteremsha aliye juu, badala ya kumpandisha aliye chini peke yake.

Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vikaanza kazi tena mwaka 1984, na mwaka 1990 kikaja kuwapo Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, yaani KCU, ambacho kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza nchini kuuza kahawa kwa utaratibu wa biashara ya haki. Lakini wakati huo kulikuwa kumekwisha kutokea misiba mingine.

5. Miaka ya mfululizo wa misiba

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la Kyaka lilibomolewa, watu waliuawa, mifugo ikaporwa. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera baada ya vita hiyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliondoa watu wa umri wa kufanya kazi, na vibanja vingi vikabaki mikononi mwa mabibi, mababu na watoto. Kibanja hakilimwi kwa historia. Kinahitaji mbolea, matandazo na mikono.

Kisha, mwezi Julai 1989, mfumo wa viwango wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika. Ghala za dunia zilifunguliwa kwa pamoja na bei ikaanguka. Vietnam, ambayo tangu mageuzi ya mwaka 1986 ilikuwa ikipanua mashamba ya robusta kwa kasi kubwa, ilifikia kuwa mzalishaji wa pili duniani kufikia mwanzo wa karne hii. Mwaka 2001 wastani wa bei ya robusta duniani ulikuwa chini ya senti 30 za Marekani kwa ratili. Kahawa ya robusta ya Bukoba haikuwa imebadilika ladha wala uzito. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa na watu wengine katika milima ya mbali. Kwa upande wa mimea, ugonjwa wa mnyauko fusari uliishambulia mibuni ya robusta, na mnyauko wa bakteria ukaikumba migomba katika miaka ya 2000. Chakula na fedha, vilivyokuwa vimeegemeana katika kibanja kimoja, viliyumba kwa pamoja.

Msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima iliongezeka, na fedha ililipwa papo hapo. Hilo ni la kusifiwa. Lakini huduma za pembejeo na mikopo zilizokuwa zikipitia ushirika zilidhoofika, na ikashamiri desturi iitwayo butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au matunda machanga kwa bei ya kutupa, ili kulipa ada ya shule au matibabu. Butura ni darasa zima la uchumi katika neno moja. Hufundisha kwamba mwenye shida ya leo hawezi kunufaika na bei ya kesho, hata kama soko liko wazi kwa wote. Faida ya soko huria ilikwenda kwa yule aliyeweza kusubiri.

Nalo Ziwa, lililokuwa njia ya utajiri, lilikumbusha hatari yake tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha. Msiba huo haukuwa wa biashara kwa maana ya kawaida. Lakini ulionyesha maana ya mkoa kuachwa bila njia mbadala ya uhakika. Wakati huo safari ya barabara kutoka Muleba kwenda Mwanza ilikuwa ya taabu kubwa, na lami ilikuja kukamilika baadaye sana.

Katika kipindi hichohicho Ziwa lilileta bidhaa nyingine ya dunia. Sangara, samaki aliyepandikizwa katikati ya karne ya 20, aliongezeka sana, na minofu yake ikaanza kusafirishwa kwenda Ulaya. Visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, vilivyokuwa pembezoni kwa hesabu ya kahawa, vikawa na fedha nyingi kuliko vijiji vingi vya bara. Kisha kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi mara kadhaa dhidi ya samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu za kiafya, na wavuvi wakaona bei ikianguka kwa barua iliyoandikwa Brussels. Historia ya kahawa ilijirudia kwa haraka, katika miaka michache badala ya mia moja.

6. Bidhaa isiyoingia kwenye hesabu

Sasa niligeukie swali la faida ilitumikaje, kwani hapa ndipo penye jambo ambalo takwimu za mikoa hulificha. Familia za Bukoba na Muleba zilitumia fedha za kahawa kusomesha. Misheni zilikuwa zimefika mapema: Wamisionari wa Afrika walianza Kashozi mwaka 1892, seminari ya Rubya ikafuata, na Walutheri wakajenga kazi yao tangu mwaka 1910. Matunda yake yanajulikana. Laurean Rugambwa aliteuliwa kuwa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Askofu Josiah Kibira alichaguliwa kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977. Nyuma yao walikuwapo walimu, waganga, mahakimu na wahasibu wengi waliofanya kazi katika kila pembe ya Tanzania.

Lakini aliyesoma aliondoka. Kahawa ilinunua elimu, na elimu ikasafirisha watu. Utafiti mashuhuri uliofuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera tangu miaka ya 1991 hadi 1994, na kuwatafuta tena watu wake mwaka 2004, popote walipokuwa, uliliweka wazi jambo hili. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, walioichambua takwimu hiyo, walikuta kwamba matumizi ya waliohama yalikua zaidi ya yale ya wenzao wa kaya ileile waliobaki, kwa tofauti ya takriban pointi 36 za asilimia. Watu waliokulia kwenye jiko moja, walioanza na hali moja, walitenganishwa na safari.

Tulitafakari hilo. Tukihesabu mkoa kwa mipaka yake, Kagera ni maskini. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulikuta kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kagera ilikuwa na kiwango kibaya kuliko wastani huo, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na nafuu kubwa. Lakini tukihesabu watu waliozaliwa Kagera, popote walipo, hadithi hubadilika. Sehemu ya kipato kinachoandikwa kwa jina la Dar es Salaam au Mwanza ilipandwa katika vibanja vya Muleba. Pengo baina ya mikoa, kwa hiyo, si pengo la bidii wala akili. Kwa sehemu fulani ni picha ya mahali ambapo kazi yenye malipo iliwekwa.

Hii haifuti taabu ya waliobaki. Fedha zinazotumwa nyumbani hujenga nyumba nzuri, nyingine zikifunguliwa kwa Krismasi tu, lakini mara chache hujenga kiwanda. Bukoba ina kiwanda cha TANICA, kilichoasisiwa katika miaka ya 1960 ili kutengeneza kahawa ya unga iliyo tayari kunywewa. Ni jitihada ya kuheshimiwa, lakini ni moja. Sehemu kubwa ya kahawa imeendelea kuondoka ikiwa buni ghafi, na kazi za kukaanga, kufungasha na kutangaza hulipwa kwingine.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, yapo maelezo mawili mepesi ambayo ningependa tuyakatae. La kwanza linasema kwamba biashara ya nje ni unyonyaji mtupu. Miaka ya 1950 inalipinga: watu walijenga, walisoma, walitibiwa. La pili linasema kwamba soko likiachwa huru litaisawazisha mikoa yenyewe. Nyarubanja, butura na mwaka 2001 vinalipinga. Hata wachumi wa jiografia, kama Paul Krugman, wameonyesha kwamba biashara na usafiri rahisi vyaweza kukusanya shughuli mahali pamoja badala ya kuzisambaza.

Tangu mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, na baadaye minada ikasogezwa karibu na wakulima wa Kagera. Moja ya malengo yake ni kukomesha butura na magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, na furaha ilirudi vijijini. Mwanahistoria hana budi kuifurahia pamoja na wengine, lakini kazi yake ni kukumbusha. Mwaka 1954 ulikuwapo pia, na 1977 ulikuwapo pia. Kila kilele kilifuatwa na bonde.

Kwa hiyo swali la kuuliza wakati wa neema ni hili: itakapoanguka bei, na itaanguka, Bukoba na Muleba zitakuwa na nini ambacho hazikuwa nacho mwaka 1989? Je, mibuni iliyozeeka itakuwa imebadilishwa kwa miche inayohimili mnyauko, kama ile inayosambazwa na kituo cha utafiti cha Maruku? Je, mama anayeanika buni atakuwa na jina lake katika daftari la chama? Je, mwenye shida ya ada atapata mkopo wa haki kabla ya mavuno? Je, kijana aliyesoma atapata kazi ya kufanya bila kupanda basi? Hayo yote yamo mikononi mwetu, ijapokuwa bei haimo.

Wazee wa Buhaya walimpa mgeni amwani ili akae, si ili aondoke nazo. Karne moja na zaidi ya biashara imetufundisha kuziuza; iliyobaki ni kujifunza namna ya kuuza na bado kitu kikabaki nyumbani.